Milimita Tatu za Kitundu

"Hiyo injini siyo ya kwako peke yako—"

"Sijasema ya kwangu, nimesema—"

"—ni ya vitunguu. Ikifa, vitunguu vinakufa, na sisi—"

"—nimesema inaongezwa nguvu. Kuongezwa nguvu ndiyo kufa?"

Ntandu na dada yake Sikudhani walikuwa wamesimama pande mbili za turubai. Juu ya turubai kulikuwa na pampu yao ya maji, injini yake imefunguliwa vipandevipande, na kila mmoja alimkatiza mwenzake kama vile mwenzake ni redio ya jirani. Pampu hiyo ndiyo iliyonywesha bustani ya vitunguu, na bustani ndiyo iliyolisha nyumba nzima. Ntandu alitaka walime na shamba la juu ambako maji hayakufika. Alikuwa amesikia kwamba kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikichongwa upya, injini ndogo inakuwa kubwa bila kununua nyingine. Sikudhani hakutaka hata kusikia habari hizo.

Bibi yao, Bi Tatu, alikuwa mkekani anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Ukiongeza kupanda, umeongeza kushuka," alisema.

Wakamgeukia wote wawili. Siyo kwa heshima. Hawakuelewa.

"Hiyo umeitoa wapi, bibi?" Sikudhani akauliza.

"Haikutoka mbali. Ilizaliwa Kinampanda, kwenye mashine ya kusaga, na mimi nilikuwepo. Kaeni chini, mnanizibia mwanga."

Basi methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama ishirini na wawili, na mali yao kubwa ilikuwa mashine ya kusaga iliyozungushwa na injini ya dizeli ya pistoni moja. Mwaka ule wakapata na mashine ya kukamulia alizeti. Kuipata ilikuwa shangwe, kuizungusha ikawa shughuli. Injini ilisaga mahindi bila neno, lakini ukiifungia mkanda wa kukamulia, inakohoa mara mbili, inazimika. Na alizeti zilikuwa zimeshakauka mashambani, ndege wanazila kama wamealikwa.

Fundi wao aliitwa Kitundu. Alikuwa hodari kweli, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kusifiwa kabla ya kazi. Injini ilikuwa imechoka, ilibidi ifunguliwe kwa vyovyote. Kitundu akawaambia, "Nikiifungua, naifunga ikiwa kubwa."

"Itakuwaje kubwa na chuma ni kilekile?" aliuliza Mama Mkumbo, mwenyekiti.

"Umepanda baiskeli, mama?"

"Nimepakiwa."

"Inatosha. Kranki ni kama pedeli. Mkono wa pedeli ukirefuka, mguu unapanda juu zaidi. Sasa pistoni ndiyo mguu. Najaza chuma upande wa nje wa kranki, nachonga upande wa ndani, mkono unarefuka milimita tatu. Pistoni ikitembea mwendo mrefu inavuta hewa nyingi, dizeli naiongeza kidogo. Mtakamua alizeti mpaka mchoke nyie."

"Na ikiharibika? Hatuna nyingine, Kitundu, na hizi alizeti hazisubiri."

"Ikiharibika nifukuzeni. Hata mbwa wenu wanibwekee, wanione mgeni."

Wakacheka, na waliocheka walikuwa wameshakubali.

Kitundu akaipeleka kranki mjini kwa mchongaji, ikarudi baada ya siku tano inang'aa. Hakuwa mjinga. Alijua pistoni itakayopanda zaidi inaweza kugonga kifuniko cha silinda kule juu, kwa hiyo aliipunguza kichwa kwanza. Halafu akataka kuhakikisha. Akaenda kwa Bi Zaituni, mfinyanzi, mmoja wa wale ishirini na wawili, akaomba udongo. Bi Zaituni akampa madonge mawili.

"La pili la nini?" Kitundu akauliza.

"La upande wa pili."

"Upande wa pili ni chini, mama. Chini hakuna dari, ni shimo tupu."

Akamrudishia donge moja, akaenda zake. Udongo akaubandika juu ya pistoni, akafunga kifuniko, akazungusha kwa mkono taratibu, akafungua. Ule udongo ulikuwa umebonyea ukabaki na unene wa sarafu. Maana yake nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Kitundu alizunguka nao kijijini kwenye kiganja, akiwaonyesha watu kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake wa kwanza.

Huko chini, pistoni inaposhuka, kichwa kinene cha konrodi, yaani kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki, kilikuwa kinapita kwenye ukingo wa silinda kwa nafasi isiyozidi ukucha. Kwa mkono kilipita bila kugusa. Ila chuma baridi kinachozungushwa kwa mkono na chuma cha moto kinachokimbia na mzigo ni viumbe wawili tofauti, na Kitundu hakuinama kutazama.

Siku ya kuwasha wakaja wote. Injini ilishika mara moja, mkanda wa kukamulia ukafungwa, na injini haikukohoa. Mafuta yakaanza kudondoka, yakawa uzi, ule uzi ukanenepa. Mama mmoja alichovya kidole, akalamba, akawapisha wenzake. Kitundu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, anapokea sifa kama mwenye haki zake.

Nusu saa ikapita. Ikasikika ka, ka, ka. Kitundu akageuka. Kabla hajafika kuizima, kitu kikapasuka ndani na injini ikakwama palepale. Alipofungua oili ya chini, ilitoka imepauka kama chai ya maziwa. Silinda ilikuwa imepasuka ukingo wa chini, na maji ya kupoozea injini yameingia kwenye oili.

Kitundu alichuchumaa pale na bisibisi ambayo haikuwa na kazi tena, na kwa mara ya kwanza hakutaka mtu amwangalie.

"Ulipima?" Mama Mkumbo akauliza.

"Nilipima, mama. Mliona."

"Tuliona. Ulipima wapi?"

"Juu."

Bi Zaituni akasogea karibu. "Baba, ile pedeli yako ya baiskeli. Mkono ukirefuka, mguu unapanda zaidi. Haya, ukishapanda, unabaki huko huko?"

Kitundu akazungusha kidole hewani, kama anayefuata pedeli.

"Unashuka," akasema polepole.

"Unashuka kiasi gani?"

"Vilevile. Milimita tatu."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu," akasema Mama Mkumbo, na hakusema kwa hasira, ndiyo maana ilimuuma. "Ukiongeza kupanda, umeongeza kushuka."

Msimu ule akina mama walibeba alizeti kichwani hadi kijiji cha tatu. Hawakumfukuza Kitundu. Alijifukuza mwenyewe siku mbili, akarudi, akawabebea magunia kwa baiskeli wiki tatu bila kuulizwa. Halafu akatafuta silinda kuukuu, akaichonga ukingo wa chini konrodi ipite, na safari hii alipima kote kote. Injini hiyo ilikamua miaka mingi. Lakini lile neno la Mama Mkumbo lilikuwa limeshatoka mlangoni. Watu wakaanza kumwambia hivyo aliyepewa cheo, aliyeongeza ghorofa, hata bwana harusi aliyealika wilaya nzima.

Bi Tatu akakung'uta mchicha.

"Ukiongeza kupanda, umeongeza kushuka," alisema. "Hakuna aliyekatazwa kuongeza, Ntandu. Unaambiwa kushuka nako kuna vipimo vyake. Sasa hiyo kranki, kabla haijaguswa na mtu, mkae wawili mpime."

Sikudhani akamgeukia kaka yake, uso umeshajaa ushindi. Ntandu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Bibi," akasema, "naomba simu yako. Ya kwangu haina salio, na kranki iko kwa mchongaji tangu jana. Nilimwambia aongeze milimita nne."