Vibuyu Viwili vya Isolwa

Mla mabua ndiye mpanda mtama.

Mzee Kadama aliyasema hayo alipowakuta vijana watatu wamekusanya mabua ya shamba zima, na mmoja wao ameshika kiberiti. Vijana wakacheka.

"Mzee, mla mabua ni ng'ombe," alisema mwenye kiberiti. "Huyo ng'ombe wa kushika jembe tumtafute mnada gani?"

"Cheka umalize," mzee akamjibu, kisha akaketi juu ya lile rundo wasiweze kuliwasha. "Methali hii haikutungwa na mtu mwenye tumbo lililoshiba. Chanzo chake ni hiki."

Zamani, watu wa nchi ya Isolwa walikuwa na desturi ya kusomewa mwaka. Kila baada ya mavuno walikusanyika uwanjani kwa Mtemi, wakulima upande huu, wafugaji wa mbuga ya Nzegwa upande ule, na msoma mwaka akasimama katikati na vibuyu viwili. Katika kibuyu cha nafaka alikuwa ametia punje moja ya mtama kwa kila ghala lililojaa. Katika kibuyu cha mifugo, kijiwe kimoja kwa kila ndama aliyezaliwa. Alivitikisa, akasikiliza, kisha akasema mwaka unaokuja utakuwaje: walime mtama mwingi au mchache, wauze mitamba au wawazuie, waweke akiba ya miezi mingapi. Haukuwa uganga. Kabla ya kusema neno moja, msoma mwaka alizunguka nchi nzima miezi miwili, akichungulia maghala na kupapasa mbavu za ng'ombe. Na aliyewapotosha watu, kibuyu chake kilivunjwa mbele yao, asisimame tena uwanjani maisha yake yote.

Vibuyu hivyo vilifungwa pamoja kwa ukanda mmoja wa ngozi, tena mfupi, hata ukitikisa kimoja, cha pili nacho kikalia.

Kwa miaka thelathini msoma mwaka alikuwa mwanamke aitwaye Nyanzobe. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimkabidhi kazi Shigela, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu akiwa hana jino. Shigela alikuwa kijana mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kujisifu. Siku ileile alipopewa vibuyu, aliufungua ukanda.

"Unafanya nini, mwanangu?" Nyanzobe aliuliza, maana alisikia ngozi ikikwaruza.

"Vinagongana, mama mkubwa. Nikitaka kusikia mtama, nasikia ndama. Kila kimoja kina hesabu yake."

"Waliovifunga walikuwa na sababu."

"Au walikuwa na masikio mazito," Shigela akasema, akacheka.

Nyanzobe aliupapasa ule ukanda, akaona bado una nguvu, akaenda kufungia mlango wa zizi lake.

Mwaka huo wakaja wapika chumvi. Walitoka kwenye mabwawa ya maji ya chumvi upande wa machweo, ambako walikuwa wamekata miti yote hata ya kuchokolea meno haikubaki. Walitafuta kitu cha kuchochea moto chini ya vyungu vyao, wakaona mabua ya mtama yanawaka vizuri. Wakaahidi chungu kimoja cha chumvi kwa kila mizigo mitatu.

Usiku ule Shigela hakulala kwa furaha. Kumbe nchi ilikuwa inakanyaga mali! Kila kiangazi, tangu enzi za mababu, ng'ombe wa Nzegwa walishuka kutoka mbugani wakaingia mashambani, wakala mabua miezi miwili mizima, wakalala humohumo, wakaondoka wamenenepa. Nao hawakutoa kitu. Labda maziwa kidogo kwa watoto, na salamu nyingi.

Siku ya kusoma mwaka alisimama uwanjani, kifua mbele. Akakitikisa kibuyu cha nafaka peke yake.

"Mwaka ujao ni wa neema," alisema. "Mtama utajaa maghala, na juu ya mtama mtaweka chumvi. Sharti ni moja tu. Mabua ni mali yetu. Anayeyataka ayalipie."

Upande wa wafugaji akasimama Ngasa, mkuu wao, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu.

"Mabua hayo tumeyala tangu babu yako hajaoa, Shigela. Leo yamekuwa mali?"

"Hakuna anayekunyima, baba Ngasa. Toa mtamba mmoja kwa kila shamba, kisha ule mpaka ushibe."

"Mimi sili mabua, mwanangu. Labda wewe ndiye umezoea." Watu wakacheka, lakini Ngasa hakucheka. "Basi. Ng'ambo ya mto nako kuna mashamba, na wenyewe wametualika mara mbili."

Ndipo Nyanzobe akauliza kutoka pale alipoketi, "Shigela, ng'ombe wakiondoka, ni kibuyu gani kitakachonyamaza?"

"Cha mifugo, mama mkubwa. Cha nafaka kitalia kama kawaida."

Watu wakashangilia, wakapiga makofi. Siku ya tatu ng'ombe wa Nzegwa wakavuka mto, na vumbi lao likaonekana mpaka jioni.

Chumvi ikaja. Ikajaa vyungu, ikajaa mitungi, watu wakaanza kuitia hata kwenye uji. Msimu uliofuata mtama ulipungua kidogo. Shigela akasema ni ndege. Mabua yakauzwa tena.

Msimu wa pili mvua ilinyesha kwa wakati wake, ikanyesha ya kutosha, hata mtu asingeweza kuisingizia. Lakini mtama ulifika magotini ukasimama. Majani yakawa ya manjano. Kiduha, yale magugu ya maua ya zambarau yanayofyonza mtama mizizini, kikachanua mashamba yote kama kimealikwa. Masuke yaliyotoka yalikuwa membamba kama kidole cha mtoto. Na maziwa ya kuwatuliza watoto hayakuwapo, kwa kuwa wenye maziwa walikuwa ng'ambo ya mto. Isolwa ilikuwa na chumvi ya miaka mitatu na unga wa miezi mitatu.

Wanawake wakamtungia Shigela wimbo, wakawa wanauimba kwenye vinu vilivyokaribia kuwa vitupu:

Chumvi imejaa chungu, unga haumo kinuni,
Wameondoka wenzangu, mabua yako motoni,
Uliyesoma mafungu, soma na njaa tumboni,
Kibuyu chako kichungu, hakinyweki mdomoni.

Shigela aliusikia kila alikopita. Kila nyumba aliyoikaribia, wimbo ulipanda sauti.

Kisha watu wakaona jambo lingine. Katika nchi nzima shamba moja tu lilikuwa la kijani. Mtama wake ulimpita mtu kimo, masuke yameinama kwa uzito. Lilikuwa shamba la Nyanzobe.

Mnajua njaa inavyosema. Kwanza walinong'ona, kisha wakasimama kwenye ua wake wakiwa kumi, kesho yake wakiwa arobaini. Bibi haoni vizuri, analimaje vile? Ameyavuta mashamba yetu. Ameinyonya nchi.

Siku moja kabla ya kusoma mwaka, Mtemi alimwita Shigela peke yake.

"Kesho utasimama," Mtemi alisema. "Watu wana njaa, nao wanataka jina la kulaumu. Ama litakuwa la yule bibi, ama litakuwa lako. Ukisema shamba lake limevuta rutuba ya wenzake, kibuyu chako kitapona."

"Na yeye, Mtemi wangu?"

Mtemi alitazama pembeni. "Yeye ni mzee."

Shigela alitoka hapo. Kile kibuyu ndicho kilichomfanya asalimiwe na watu wazima. Bila hicho angekuwa yatima wa kawaida mwenye maneno mengi. Lakini alilelewa kwa mkono wa yule bibi. Akaona, kabla ya kuamua lolote, akalitazame shamba lenyewe.

Alimkuta Nyanzobe akipepeta.

"Mama mkubwa, hapa umefanya nini?"

"Nimeroga. Hawajakuambia?"

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Uchawi wangu una kwato kumi na mbili. Uko nyuma ya nyumba, unacheua."

Shigela akazunguka nyumba. Zizini walisimama ng'ombe watatu wa Nzegwa, fahali mmoja na majike wawili, wote wachechemeaji.

"Ngasa aliniachia," bibi alisema akimfuata kwa kupapasa ukuta. "Wasingeweza kuvuka mto. Mabua yangu sikuuza, niliwalisha. Kiangazi chote nilikuwa nahamisha ua wa miiba. Siku nne walilala hapa, siku nne pale, mpaka wakalimaliza shamba zima. Ndio uchawi wenyewe."

Shigela akaenda shambani, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa mweusi, una unyevu, na wadudu walikuwa wanasukuma vidonge vya samadi kama watu wenye haraka. Akakumbuka udongo wa shamba lake mwenyewe. Ulikuwa kama majivu, unapita vidoleni.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuuliza ni kibuyu gani kitanyamaza. Ulinijibu mbele ya watu mia tatu, nao wakakushangilia. Kikongwe nusu kipofu atawashindaje watu wanaoshangilia?"

Shigela akarudi zizini, akaanza kuufungua ukanda wa ngozi mlangoni.

"We! Ng'ombe watatoka!"

"Nitakuletea kamba, mama mkubwa. Huu nina kazi nao."

Siku ya pili uwanja ulijaa. Upande wa wafugaji ulikuwa mtupu, na upepo ulikuwa unazungusha vumbi pale walipozoea kukaa. Shigela akasimama katikati. Vibuyu vilikuwa vimefungwa pamoja. Akakitikisa cha mifugo, kikalia kwa vijiwe vichache sana. Akakitikisa cha nafaka, nacho kililia vivyo hivyo.

"Mwaka huu ni wa njaa," alisema. "Hilo hamhitaji kibuyu kulijua. Mwaka ujao utakuwa wa nusu tumbo. Wa tatu utakuwa wa shibe, ikiwa kwato zitarudi mashambani kabla ya mvua. Zisiporudi, msiweke msoma mwaka mwingine. Hatakuwa na cha kusoma."

"Na mchawi?" mtu akapaza sauti. "Tutajie mchawi!"

"Mnamwona. Ndiye huyu anayesema nanyi." Akajipiga kifua. "Niliwahesabu ng'ombe kwa walichokula, sikuwahesabu kwa walichoacha. Mabua yaliingia tumboni mwao yakarudi ardhini, na ardhi ikayarudisha kuwa mtama. Mimi niliyapeleka motoni. Nendeni nyuma ya nyumba ya mama mkubwa mkaone ng'ombe watatu, kisha mchimbe shamba lake, mchimbe na langu. Aliyenyonya nchi ni mimi."

Akakiweka kibuyu cha nafaka juu ya jiwe mbele ya Mtemi. Mtemi alimtazama kwa muda, akatafuta uso mwingine wa kuuangalia, asiupate. Sheria ilikuwa sheria. Akanyanyua rungu, akapiga.

Kibuyu cha nafaka kikapasuka. Na cha pili, kwa kuwa kilikuwa kwenye ukanda uleule, kikavutwa kutoka juu ya jiwe, kikaanguka, nacho kikapasuka. Punje na vijiwe vikachanganyika mavumbini, mtu asijue aanzie wapi kuvitenga. Waliokuwa wameshika fimbo kwa ajili ya bibi wakaziweka chini taratibu, kana kwamba walikuwa wamezibeba kwa ajili ya kutembelea tu.

Shigela, asiye tena msoma mwaka, alivuka mto, akatembea siku nne. Wachungaji wa Nzegwa wakamwona kwa mbali.

"Wafungeni ng'ombe midomo!" mmoja akapiga kelele. "Anakuja kutoza pumzi!"

Ngasa akawanyamazisha kwa mkono. "Umekuja kudai mtamba, mwanangu?"

"Nimekuja kuomba, baba."

"Maziwa?"

"Kwato."

Ngasa akachora ardhi kwa fimbo. Kisha akauliza, "Wale wachechemeaji wangu watatu wako hai?"

"Wako hai. Mmoja amezaa."

"Kwa bibi yako?"

"Kwa mama mkubwa. Alikataa kuuza mabua."

Ngasa akatikisa kichwa polepole. "Na kibuyu?"

"Kimevunjwa. Niliwaambia watu kosa ni langu."

"Hapo umesema kama mtu mzima." Akainuka. "Nasikia mna chumvi kushinda mnachokula. Itoeni, muiweke pembezoni mwa mashamba. Ng'ombe wanapenda kulamba. Wakisikia harufu yake, sitakuwa na haja ya kuwachunga, watanikokota wenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi hicho Isolwa ilitoa vyungu vyote nje, na ng'ombe wa Nzegwa wakashuka wakilamba chumvi ileile waliyofukuzwa kwa ajili yake. Mabua yalikuwa mafupi na machache, lakini walikula, wakalala, wakahamishwa siku nne hapa, siku nne pale. Shigela alikuwa akihamisha miiba kwa mikono yake, shamba kwa shamba, mpaka viganja vikatoka damu.

Siku moja mwanamke jirani alisimama na mtungi kichwani akitazama.

"Haya," alisema kwa kejeli. "Wala bure wamerudi."

Shigela hakuacha kazi. "Usiseme hivyo, dada yangu. Mla mabua ndiye mpanda mtama."

Yule mwanamke alicheka, kama mlivyocheka ninyi. Lakini mwaka wa nusu tumbo ulikuja, na baada yake mwaka wa shibe, kama Shigela alivyosema. Alisoma mwaka mara moja tu kwa usahihi, na hiyo ndiyo mara aliyovunjiwa kibuyu. Msoma mwaka aliyefuata alipewa vibuyu vipya, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa ukanda.

Mzee Kadama akainuka juu ya rundo, akapangusa makapi kwenye suruali. Akaondoka bila kutazama nyuma.

Kijana wa kiberiti alibaki amesimama. Akakitazama kiberiti, akakitia mfukoni.

"Ng'ombe wa kina Gimbi wanalala wapi siku hizi?" akauliza.

"Barabarani, wanakosa malisho," mwenzake akajibu. "Kwa nini?"

"Kawaambie waje hapa. Mla mabua ndiye mpanda mtama."