Aliyelaumiwa kwa Vidole vya Tumpe

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kuomba, nipeni masikio kidogo. Hapa kwetu milimani kwenye mashamba ya chai alikuwapo mama mmoja mchumaji, tumwite Tumpe. Asubuhi moja aliamka vidole vimekakamaa, mikono yote miwili. Akashindwa kumfunga mwanawe vifungo vya shati. Jua likipanda vinalegea kidogo, kesho yake yaleyale. Vikaanza kuvimba.

Mumewe akauliza, "Nani alikushika mikono?"

Tumpe akafikiri. "Subilaga. Kule msibani alinishika yote miwili."

Basi, kesi ikaisha hapohapo. Subilaga ni jirani yao, wamechuma chai mstari mmoja miaka mingi. Alipokuja kumjulia hali mwenzake, mume alimzuia mlangoni. Akaja tena, akafukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya madhabahu. Habari zikaenea. Wachumaji wakaacha kunywa maji kwenye dumu lake. Hapa kanisani alikaa benchi peke yake, na sisi tulikuwapo. Nani alikwenda kukaa naye?

Mwaka ukapita kwa waganga. Tumpe akawa hawezi hata kushika kijiko. Ndipo dada yake alipomchukua kwa nguvu hadi hospitali.

"Daktari, nani kanifanyia hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Hii ni baridi yabisi. Kinga ya mwili wako imegeuka, inashambulia viungo vyako. Kati ya watu wazima mia, huenda mmoja anayo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kwenu yupo mwenye mikono kama hii?"

"Shangazi yangu. Tulidhani ni uzee."

"Unavuta sigara?"

Tumpe akainama. "Tangu usichana. Ya kukata baridi shambani."

"Ugonjwa huu hauambukizwi kwa mkono. Ukoo huchangia, na sigara huongeza hatari. Ungekuja mapema, vidole hivi viwili pengine visingepinda. Vilivyobaki tutavipigania kwa dawa."

Aliporudi, hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Subilaga, akamkuta anapepeta maharage.

"Mwenzangu, nimekukosea. Nimeambiwa ni ugonjwa tu."

Subilaga akaweka ungo chini. "Najua ni ugonjwa. Mama yangu mzazi alikuwa nao. Msibani niliona viungo vyako vimeanza kuvimba kabla wewe hujatambua, ndiyo maana nikavishika nivitazame. Mara zote mbili nilizokuja kwako, nilikuwa nakuja kukuambia uende hospitali."

Mnasikia, ndugu zangu? Mtu pekee kijijini aliyejua njia ya hospitali ndiye tuliyemfungia mlango.

Dawa zimemsaidia Tumpe, na sigara ameacha. Lakini vile vidole viwili havikunyooka tena.

Sasa sisi. Uliyekaa hapo na asubuhi mikono inagoma kufunguka, wiki nenda wiki rudi, usimtafute mchawi. Nenda ukapimwe wiki hii. Unayevuta, acha. Kama kwenu kuna shangazi au bibi mwenye viungo vilivyopinda, mwambie daktari, si aibu. Na kama yupo mtu uliyemtaja kwa ubaya kwa sababu ya maradhi yako, hakuna daktari atakayekuandikia dawa ya hilo. Pitia kwake leo, kabla hujaenda kula.

Tusimame.