Mwatime na Nyumba Tatu za Njiani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa njia.

Njia ya kwenda wapi?

Tuambie wewe uliyeipita.

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatwa.

Hapo kale, kale ya watu waliokwisha kusahauliwa majina, palikuwa na mjane akiitwa Mwatime. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Sikudhani.

Siku moja miguu ya Sikudhani ikalegea. Ikawa laini kama mlenda, haisimami, haitembei. Akaja mganga wa kwanza, akashindwa. Akaja wa pili, akashindwa. Akaja wa tatu, akasema, "Mama, hili si la mizizi. Muombe Mungu."

Mwatime akainua mikono akasema, "Mwanangu akisimama, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka kaburi la walii Mwana Hidaya, kule kilimani Mianzini. Nitalifagia, nitafukiza ubani, nitashukuru."

Mwezi haujaandama, Sikudhani akasimama. Akatembea. Akakimbizana na mbuzi.

Basi dua imeshapokewa, imebaki safari. Na Mianzini si karibu. Ni mwendo wa kulala njiani ukaamka, ukalala ukaamka, ukalala tena. Na njia yote ni nyika, miiba huku, miiba huko.

Mwaka wa kwanza msafara wa ziara ya Mianzini ukapita. Watu wakamwita, "Mwatime, twende." Akauliza, "Jua likizama nitalala wapi?" Wakamjibu, "Tutakapolala sisi." Akasema, "Hapo hapana jina. Nitakwenda mwakani."

Mwaka wa pili msafara ukapita. "Mwatime, twende." "Jua likizama nitalala wapi?" "Mungu anajua." Akasema, "Yeye anajua, mimi sijui. Nitakwenda mwakani."

Mwaka wa tatu hawakumwita. Walipita kimya, vumbi lao likatua juu ya paa lake.

Asubuhi ya pili yake Sikudhani alitoka na mtungi kwenda kisimani, akaanguka kizingitini. Mtungi ukapasuka. Akajaribu kuinuka, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Hakulia. Alimtazama mama yake tu, akasema, "Mama, miguu inaniacha tena."

Mwatime hakuuliza kwa nini. Alijua.

Akafunga ubani wake katika pindo la kanga, akachomeka kiunoni ufagio wa chelewa. Lakini msafara umekwisha kwenda, na hofu yake iko palepale. Akaenda kisimani, akauliza, "Jua likizama nitalala wapi?" Akaenda gulioni, akauliza, "Jua likizama nitalala wapi?" Akasimama njia panda, akamuuliza kila apitaye. Neno lake likazunguka kijiji, likatoka nje ya kijiji, likaingia vichakani. Na vichakani, jamani, kuna masikio.

Jioni ile mtu akapiga hodi.

Alikuwa mrefu, kanzu yake ndefu mpaka inaburura, kofia ameivuta hadi masikioni. Mikono ya kanzu imemeza vidole. Amejipaka marashi mengi hata macho ya Mwatime yakawasha.

"Mimi ni Mkarimu," akasema. "Nimesikia una safari ya Mianzini na huna pa kulala."

"Ni kweli, bwana."

"Nina nyumba tatu njiani. Ya kwanza ina kitanda. Ya pili ina kitanda na godoro. Ya tatu ina kitanda, godoro, na mlango wa komeo. Utalala zote tatu."

Mwatime akahisi kifua kinafunguka. "Nikupe nini, bwana?"

"Sitaki kitu. Ila neno moja. Ukiwa mgeni wangu, usilale kwa mtu mwingine. Utaniaibisha."

"Sitalala," akasema Mwatime.

Mgeni alipokwisha ondoka, wifi yake Saumu, aliyekuja kubaki na mtoto, akasema, "Mtu huyu wewe unamjua?"

"Yeye ananijua mimi. Amejua shida yangu kabla sijamwambia."

"Wifi, shida yako hata kuku wanaijua."

Lakini Mwatime alikuwa amekwisha jifunga kibwebwe. Alfajiri akatoka.

Akatembea, akatembea, akatembea. Jua likaanza kuinama. Akafika kwenye mji wa watu wenye watoto wengi, wanapukuchua mahindi uani. Wakamwita, "Mgeni, jua linazama. Lala kwetu."

"Ahsanteni," akasema. "Pa kulala ninapo."

Akasogea mbele, akaikuta nyumba ya kwanza, na Mkarimu amesimama mlangoni. Alifikaje kabla yake? Mwatime hakuuliza. Aliyechoka haulizi. Akapewa sinia la wali na nyama, akala. Mkarimu akamtazama akila.

"Mbona wewe huli, bwana?"

"Mimi hula baadaye."

Kitanda kilikuwepo, kama alivyoambiwa. Akalala.

Siku ya pili akatembea, akatembea, akatembea. Sasa viatu vyake vya ngozi vimeanza kumla, nyayo zinaota malengelenge. Jua likainama. Akawafikia wachoma mkaa wawili, mume na mke, weusi kwa vumbi la kazi yao. Wakamwita, "Mgeni, jua linazama. Banda letu hili, karibu."

"Ahsanteni. Pa kulala ninapo."

Nyumba ya pili ikatokea, na Mkarimu mlangoni. Leo masinia mawili. Mwatime akala moja akasema ameshiba. Mkarimu akasema, "Ongeza." Akala. "Ongeza." Akala tena.

"Mbona wewe huli, bwana?"

"Mimi hula baadaye."

Akalala juu ya godoro, lakini usingizi wake haukuwa mzuri. Kulikuwa na harufu chini ya ile harufu ya marashi. Akajiambia, "Pengine ni godoro la zamani. Mtu amenipa bure, nami nichunguze?"

Siku ya tatu akatembea, akatembea, akachechemea. Malengelenge yamepasuka, yameota mengine juu yake. Jua likainama. Akafika ukingoni mwa korongo, kwenye kibanda cha udongo. Nje kulikuwa na mwanamke mnene wa makamo anatwanga mtama, mchi unapanda, mchi unashuka. Jina lake Chausiku.

"Dada," akasema Chausiku bila kuacha kutwanga, "jua linazama. Kwetu padogo, tunalala na mbuzi, lakini utapata pembe ya kulala."

"Ahsante, dada. Pa kulala ninapo."

Mchi ukasimama hewani. "Wapi?"

"Mbele, ng'ambo ya korongo."

"Ng'ambo ya korongo hakuna nyumba ya mtu."

Mwatime akafikiri, huyu ananionea wivu kwa kuwa nina mwenyeji wa maana. Akashuka korongoni. Nyuma yake hakuusikia tena mchi.

Ng'ambo akaikuta nyumba ya tatu. Kitanda kinaonekana ndani, godoro linaonekana, na mlango wa mbao nene. Mkarimu yumo ndani, anapanga masinia matatu.

"Karibu, mgeni wangu. Umechoka?"

"Nimechoka."

"Una njaa?"

"Sina sana."

"Utakula tu. Vua viatu, uviweke na vya wenzako."

Mwatime akatazama chini ya kitanda. Palikuwa na viatu. Vya wanaume, vya wanawake, vya ngozi, vya miti, na kimoja kidogo cha mtoto. Vyote vimeelekea ndani. Hakuna hata kimoja kilichoelekea mlangoni.

Akautazama mlango. Komeo lipo, kama alivyoambiwa. Lakini komeo liko nje.

Akasikia sauti yake mwenyewe inasema polepole, kama sauti ya mtu mwingine, "Viatu vyangu vina tope, bwana. Nitavivulia hapa nje, nisikuchafulie nyumba."

"Vua basi. Upesi."

Mkarimu akainama juu ya sinia, na alipoinama kofia ikaanguka. Masikio mawili ya mviringo yakasimama. Alikuwa Fisi.

Mwatime akavua kiatu cha kwanza. Akavua cha pili. Akarudi nyuma hatua moja, akauvuta mlango, akasukuma komeo. Akakimbia.

Alikimbia peku juu ya malengelenge yale, na giza linaingia. Nyuma yake mlango ukapigwa, du. Ukapigwa tena, du. Mara ya tatu ukapasuka, naye alikuwa bado chini korongoni.

Sauti ikaja juu ya upepo, tamu kama asali, "Mgeni wangu, kitanda kinapoa."

Akakwea, akishika mizizi, akishika mawe.

"Mgeni wangu, kitanda kinapoa." Sauti imekaribia.

Akauona mwanga katika ufa wa kibanda. Akaugonga mlango kwa mikono miwili. "Hodi, dada. Hodi."

Ikatoka sauti ya Chausiku, "Nani?"

"Mimi mgeni. Nilipita sasa hivi."

"Yule aliyepita alikuwa na pa kulala."

"Nilikuwa napo. Mwenye nyumba ni fisi. Nifungulie, nakuomba."

"Fisi naye huja hapa akasema hivyo hivyo," akasema Chausiku. "Huja kwa sauti ya watu. Dada yangu alifungua. Sasa sifungui kwa sauti ya mtu yeyote."

"Mimi ni Mwatime, mama wa Sikudhani. Ninakwenda Mianzini kutimiza nadhiri ya mwanangu."

"Maneno hayo hata yeye atayasema."

"Mgeni wangu," ikasema sauti ukingoni mwa korongo, "kitanda kinapoa."

Mwatime akaegemea mlango. Ndipo Chausiku akasema kutoka chini, kama aliyepiga magoti, "Pitisha mguu wako chini ya mlango."

Akaupitisha. Akahisi vidole vya Chausiku vinapapasa unyayo wake, kisigino, kidole kimoja kimoja. Vikafika kwenye malengelenge yaliyopasuka, vikasimama hapo.

"Huu umetembea safari ya mtu," akasema Chausiku. "Fisi hachubuki." Gogo likaondolewa, mlango ukafunguka nusu, Mwatime akavutwa ndani kama mzigo, gogo likarudi mahali pake.

Wakakaa chini gizani, wanawake wawili na mbuzi, hakuna anayepumua kwa nguvu.

Hodi ikapigwa.

"Hodi, dada," ikasema sauti. Ilikuwa sauti ya Mwatime. "Mimi ni Mwatime, mama wa Sikudhani. Uliyemwingiza ndiye fisi. Nifungulie."

Chausiku akageuka akamtazama mgeni wake katika kile kimwanga cha makaa. Mwatime akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta, akasimama nao kando ya mlango.

Chausiku akaelewa. "Kama ndiwe," akasema kwa sauti ya upole, "pitisha mguu wako chini ya mlango."

Ukapita mguu. Chausiku akaupapasa. Ulikuwa na manyoya, na unyayo wake mgumu, haujui lengelenge. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote, na Mungu hakumnyima uzito.

"Twanga, dada," akasema.

Mwatime akatwanga. Mara ya kwanza kwa ajili ya viatu vya watu wazima. Mara ya pili kwa ajili ya kile kiatu kidogo. Mara ya tatu kwa ajili ya dada yake Chausiku. Fisi akalia kilio ambacho si cha mtu, akaunyofoa mguu wake, akakimbia akichechemea, mgongo umeinama nyuma. Mtazameni hata leo anavyokwenda.

Usiku ule Mwatime alilala juu ya ngozi kuukuu, kichwa chake ubavuni mwa beberu, mguu wa Chausiku juu ya wake. Tangu atoke kwao hakuwahi kupata usingizi kama ule.

Asubuhi Chausiku akampaka mafuta ya mbarika nyayoni, akampa viatu vyake mwenyewe. Mwatime akafika Mianzini. Akalifagia kaburi mpaka chini likang'aa, akafukiza ubani wote, akashukuru, akaomba msamaha kwa kuchelewa. Akaanza safari ya kurudi.

Akalala kwa Chausiku. Akalala kwa wachoma mkaa, wakamtilia ndizi kwenye jivu. Akalala kwa wale wapukuchua mahindi, katikati ya watoto wengi hata hakujua mguu upi ni wake, na asubuhi wakamtwika mzigo wa mahindi. Kila mahali alipiga hodi yeye mwenyewe, na kila mahali alisema, "Sina pa kulala."

Siku aliyofika kwake, Saumu alikuwa uani anapepeta mchele. Sikudhani ameketi kizingitini. Akamwona mama yake kwa mbali, amekonda, amejaa vumbi, amevaa viatu visivyo vyake. Saumu akataka kwenda kumpokea mzigo.

"Acha, shangazi," akasema Sikudhani.

Akashika mwimo wa mlango, akainuka. Magoti yakatetemeka. Akauachia mwimo. Akaenda hatua moja, akasimama. Akaenda ya pili. Mwatime alisimama njiani, hakusogea, maana aliogopa akisogea kitu kitavunjika. Binti yake akaja mpaka mbele yake, taratibu, jasho likimtoka, akanyoosha mikono akautwaa mzigo kichwani mwa mama yake.

Basi, nyie mnaonisikiliza, shikeni hili. Hofu ya kulala nje imewalaza wengi tumboni mwa fisi. Usikimbilie mlango kwa kuwa umefunguliwa mapema, tazama kwanza komeo liko upande gani. Na mwenye pembe moja ya kulala akikugawia nusu yake, usimwambie unapo.

Hapo nilipowakuta ndipo nilipowaacha. Na mimi nilipita kwa Chausiku nikaomba pa kulala. Akaniambia nipitishe mguu. Akaupapasa, akasema, huu haujatembea, huu umekaa tu na kusimulia. Akanifungulia lakini akanilaza upande wa beberu. Ikiwa mnasikia harufu, sababu ni hiyo.