Nafasi Moja kwenye Fomu ya Nyamizi

Nina mtego leo. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, nimalize.

Nchi moja ilitaka mtandao wa taifa ufike hadi zahanati ya mwisho. Kampuni tatu zikagombea zabuni, na serikali, kwa kuogopa lawama, ikaukata mkataba vipande vitatu. Kebo na vifaa vikaenda kwa Tandaza, wenye maghala yaliyojaa. Minara wakapewa Upeo, ambao mafundi wao hupanda kama ngedere. Mitambo ya kuunganisha yote ikawa ya Fundo, na siri zake walizijua wao tu. Kila kampuni ikaweka sharti: fundi atakayewasaidia wapinzani, kazi hana.

Nyamizi alikuwa muuguzi pekee wa zahanati ya Mwagala. Asubuhi moja ya mvua Kulwa alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukata. Daktari wa mkoani akawa anamwelekeza Nyamizi kwa video. "Nesi, sasa kunja ngumi, halafu..." Radi ikapiga. Picha ikaganda.

Nje, kwenye mnara ulio jirani na zahanati, mafundi watatu wa zamu, mmoja wa kila kampuni, walikuwa wameshaanza kubishana.

"Kebo yangu nzima!"

"Mnara si umesimama? Unauona!"

"Mtambo wangu hauna neno."

Nyamizi akatoka, glovu zimelowa damu. "Kaka zangu, dada yangu, bishaneni tu. Mimi ndani ninafiwa."

Wakakagua pamoja. Kilichoungua kilikuwa kifaa cha juu ya mnara.

Masanja wa Tandaza alikuwa na kifaa cha akiba kwenye ghala la hapo hapo, chini ya lakiri ya kampuni. Akaivunja, akakitoa.

Lutufyo wa Upeo alikitia mgongoni kifaa cha wapinzani. Mawingu bado yananguruma, akapanda mpaka kileleni, akakifunga.

Mtambo ukakikataa: mgeni, haumjui. Tausi wa Fundo alikuwa ameapa kazini kutoitumia nywila yake kwa kifaa cha wengine. Akaiingiza.

"Nesi! Uko wapi? Kunja ngumi, bonyeza!"

Kulwa akapona.

Wiki iliyofuata wizara ikaleta fomu: *Taja kampuni iliyorejesha mtandao.* Itakayotajwa itapewa mtandao wote, na fundi wake atasamehewa kuvunja sharti. Wawili watakaobaki watafukuzwa. Fomu ikirudi tupu, watafukuzwa wote watatu.

Nyamizi akampigia ofisa. "Walikuwa watatu."

"Andika mmoja, dada. Mfumo haupokei watatu."

"Mngemwokoa Kulwa kwa mmoja?"

"Hayo peleka bungeni. Mwisho ni saa kumi."

Saa tisa mafundi walikuwa wamekaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Bila kifaa changu," alisema Masanja, "hawa wangefunga nini, mwavuli?"

"Kifaa kilikuwa chini kinasubiri miguu," akajibu Lutufyo. "Na radi haikuwa inakutafuta wewe."

"Mlikifunga vizuri sana," Tausi akasema. "Mbona kilikaa kimya mpaka nilipokigusa?"

Nyamizi akaiweka fomu mezani. Angemwondoa yupi, Kulwa akabaki hai? Alijaribu kumwondoa kila mmoja kichwani mwake, na kila mara aliiona ile picha imeganda.

Ilipobaki robo saa, akafungua kalamu.

Haya, mlionisikiliza, mezeni mate mseme. Tupu ni kuwafukuza wote. Jina moja ni kuwadhulumu wawili. Je, wewe ungeandika nani?