Gobori la Mshangama na Pete ya Sultani

Katika mji wa Rasmadini, enzi za Sultani Nuumani bin Ghalibu, palikuwa na ahadi iliyochongwa juu ya lango la kasri: kila mwenye nyumba ataweka gobori lake juu ya mlango, na si Sultani wala askari wake atakayevuka kizingiti bila kukaribishwa. Mababu waliidai ahadi hiyo baada ya dhalimu mmoja kuwanyang'anya silaha, kisha mashamba, kisha mabinti, na hapakuwa na wa kumwambia koma.

Basi siku ya harusi ya mtoto wa Waziri, magobori arobaini yaliinuliwa na kufyatuliwa kwa pamoja, kama ilivyo ada yao, na moshi ukatanda na vigelegele vikapaa. La Mshangama, mfua shaba, halikulia. Na huko Rasmadini, mwanamume ambaye gobori lake limegoma harusini hufungwa kanga kiunoni na wanawake, akazungushwa mji mzima. Mshangama akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna aliyemwona, akacheka na wenzake, akarudi nyumbani na kulitundika vile vile, limeshindiliwa. "Kesho nitalitoa baruti," alijiambia. Kesho! Mimi neno hilo silipendi hata kidogo.

Asubuhi mbiu ikapigwa, na wenye nyumba wakakusanyika barazani pa Sultani, naye kidoleni alivaa pete iliyomfunga jini Kaimari.

"Enyi watu wangu," alisema, "jini huyu amenusa mjini gobori lililoshindiliwa, linalongoja kumuua mtu, lakini nyumba ya nani hajui, maana vizingiti vyenu vimefungwa kwake kama vilivyofungwa kwangu. Kiapo changu ni kizito, na roho za watu nazo ni amana yangu. Mwenye gobori hilo na aseme kabla jua halijafika utosini. Asiposema, nitakivunja kiapo na kumfungua Kaimari, ayameze magobori yote."

"Na akija dhalimu mwingine?" watu wakapiga kelele. "Jitokeze, we mtu, unatuponza sote!"

Mshangama jasho likamtiririka. Aliiwaza ile kanga, akauwaza mji mzima ukimcheka, akafumba mdomo. Ndipo akakumbuka kuwa leo ni Alhamisi, na kila Alhamisi binti yake Ruzuna huliteremsha gobori, akalipakata, akasugua shaba yake kwa ndimu na majivu.

"Langu!" akapiga ukelele. "Ni langu, na mwanangu analo mkononi!"

Akatoka mbio pekupeku, na Sultani nyuma yake, na watu nyuma ya Sultani. Ruzuna alikuwa ameketi mkekani, mdomo wa gobori chini ya kidevu chake, na kidole gumba kikisugua mtambo.

"Baba, mbona unahema hivyo?"

"Toa kidole, mama. Polepole. Usiulize."

Akakitoa. Mshangama akalishika gobori, akaligeuzia ukutani, na papo hapo likalia na kutoboa tundu la kupitisha ngumi. Wote wawili wakaanguka wakilia.

Sultani alikuwa amesimama nje ya kizingiti. "Hodi," alisema.

"Karibu, bwana wangu." Mshangama akachukua kanga ya binti yake, akajifunga kiunoni mwenyewe. "Aibu yangu nimeivaa. Na gobori langu sasa ni tupu. Lako, lililo kidoleni, bado lina baruti."

Watu wakashikwa na baridi. Sultani akaitazama pete, akalitazama lile tundu ukutani. Kisha akaivua na kuiweka juu ya fuawe ya mfua shaba.

"Ivunje," alisema.

Nyundo ikashuka, na Kaimari akaenda zake huru, na kwa furaha yake akageuza kila sufuria ya nyumba ile kuwa dhahabu.

Mwaka huo Ruzuna aliolewa na mwana wa Sultani. Harusini magobori hayakulia kwa pamoja tena. Yalilia moja moja, na kila mtu, baada ya zamu yake, alitumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ndani ya mtutu mbele ya wote, waone kwamba umefika mwisho na hamna kilichobaki. Tangu hapo wakafunzana kwamba mwenye silaha aikague kabla hajaulizwa, na mtawala asiwe na nguvu asiyoweza kuiweka chini. Na wa kwanza kutumbukiza mdeki alikuwa baba wa bibi harusi, na kanga kiunoni, ambayo hakuna aliyemfunga.