Kilio Kilichofika Kuta Nne

Hapo zamani, wakati mabwana wa Ujerumani walipokuwa wakilala na panga zao kitandani kama sisi tunavyolala na mito, palikuwa na ngome juu ya kilima, jina lake Falkenrode. Mwenye ngome ni Bwana Ruprecht, na mkewe ni Bi Jutta. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza, maana kisa hiki kina ugumu wake na jibu nitalitaka kwako.

Bi Jutta alikuwa mgeni katika ngome ile. Aliolewa kutoka mbali, ng'ambo ya mto, na tangu siku aliyoingia hakuna aliyemchekea ila mumewe. Mama mkwe wake, Bi Ottilia, alikuwa akimtazama kama mtu anavyotazama unga anaoshuku kuwa una wadudu. Shemeji yake, Bwana Volkmar, mdogo wake Ruprecht, yeye alikuwa na adabu nyingi mno. Na mimi humwogopa mwenye adabu nyingi mno kuliko mwenye matusi.

Basi siku moja ndugu hao wawili walikwenda kuwinda nguruwe mwitu. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Volkmar alirudi kwa miguu, anamvuta farasi, na juu ya farasi kalazwa kaka yake, shingo imevunjika. "Farasi kamwangusha," akasema. Nani alishuhudia? Hakuna. Miti ilikuwepo, lakini lini mti uliitwa barazani ukatoa ushahidi? Bi Jutta alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanyamaza, akaanza kufikiri, na hapo ndipo usingizi ulipomhama.

Tena alikuwa mjamzito.

Sasa sikilizeni mila ya watu wale. Mume akifa bila mtoto, ngome inakuwa ya ndugu yake, na mjane anarudi kwao na sanduku la nguo na wale kondoo aliotunzwa asubuhi ya baada ya harusi. Akiwa na mimba, anangojewa azae. Lakini kuzaa tu hakutoshi! Lazima mtoto alie, na kilio chake kifike kwenye kuta nne za chumba. Chumbani wanaume hawaingii, kwa hiyo nje ya kila ukuta anasimama shahidi mmoja. Mtoto akishatoka, mashahidi wanangoja kwa muda wa kusali Baba Yetu, basi. Wakisema "tumesikia," mtoto ndiye mrithi. Wakiondoka hawajasikia, hata alie kesho yake mpaka paa litikisike, hana lake.

Mnaona mambo? Nyumba nzima ya watu imening'inia kwenye koo la kichanga.

Bi Jutta akaanza kuishi kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe akileta supu, Jutta anamwonjesha mbwa kwanza. Mbwa hakufa, alinenepa. Lakini Jutta alisema moyoni, "Leo hakuitia sumu kwa sababu anajua namwonjesha mbwa." Ndivyo shaka ilivyo, jamani. Ukiilisha inashiba, ukiinyima chakula inajitafutia.

Bi Ottilia naye alikuwa na yake. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja na mshipi wa kitambaa, akampima mkwewe tumbo. Wiki hii: "Mbona halikui?" Wiki inayofuata: "Mbona limekua ghafla?" Siku moja alilibonyeza kwa kidole kama anayepima embe, aone kama ni mtoto au ni mto wa manyoya.

"Ni mjukuu wako, mama," Jutta akasema.

"Tutaona," akajibu bibi kizee, akakunja mshipi wake akaenda zake.

Volkmar akaweka walinzi wawili mlangoni. "Kwa usalama wako, shemeji."

"Nilindwe dhidi ya nani?"

"Dhidi ya watu wabaya."

"Na ninyi wazuri, nitalindwa dhidi yenu na nani?"

Volkmar akainama kwa heshima, akatabasamu, akaondoka. Nimewaambia, adabu nyingi mno.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Jutta alimwamini kidogo: Gese, mkunga. Mwanamke wa kijijini, mikono mipana, maneno machache. Lakini asubuhi moja Jutta alichungulia dirishani, akamwona Gese anashuka kilima akiswaga ng'ombe wa maziwa, mnene, mwenye baka jeupe usoni. Loo! Ng'ombe yule alikuwa wa zizi la Volkmar. Jutta alimjua kama unavyojua kanga yako mwenyewe.

Gese alipokuja kumkanda mgongo, Jutta akamwambia, "Nimeona una ng'ombe mzuri."

"Wa binamu yangu, bibi. Nimeombwa nimchunge."

"Binamu yako anaitwa nani?"

Gese akakohoa, akasema anakwenda kuangalia maji yaliyo jikoni. Na jikoni siku hiyo moto ulikuwa haujawashwa. Jutta alibaki peke yake ameshika tumbo, machozi yanamtoka kwa hasira na hofu. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli, lakini afanyeje? Bonde zima lile mkunga ni huyo mmoja, na wa mjini angeitwa na nani kama si na Volkmar?

Siku ya uchungu ikafika, asubuhi, theluji imefunika kila kitu. Wanaume wakaja kushika kuta. Watatu walikuwa watumishi wa Volkmar. Ukuta wa nne, wa upande wa upepo, akausimamia Volkmar mwenyewe. Jutta alimtambua kwa kikohozi chake nyuma ya mawe, akajua kwamba yule atakayefaidi ukimya ndiye aliyekuja kusikiliza.

Mtoto akatoka. Wa kiume. Wa buluu. Kimya.

Gese akamchukua, akageuka, akampa Jutta mgongo. Jutta haoni mikono inafanya nini. "Unamfanya nini mwanangu? Nigeukie, Gese! Nigeukie!" Gese hakugeuka. Mgongo ulikuwa unapanda na kushuka tu.

Nje sauti ikaita, "Tayari? Mtoto ameshatoka? Tuanze sala?"

Bi Ottilia, aliyekuwemo chumbani tangu asubuhi, akaruka akauegemea mlango kwa mgongo wake. "Bado! Hata kichwa hakijaonekana!"

"Apa, bibi," sauti ya nje ikasema.

Bi Ottilia akaushika msalaba uliokuwa shingoni mwake. "Naapa kwa msalaba wa marehemu mume wangu, mtoto bado yumo tumboni." Na mtoto yuko pale pale mbele ya macho yake, mikononi mwa mkunga! Jutta alimtazama mama mkwe wake, asijue kama anaota.

Muda ukapita. Gese akainua uso, mdomo umejaa povu na damu, akatema chini. Ndipo kikasikika kitu. Si kilio cha mtoto mwenye nguvu zake. Ni kisauti, kama paka mdogo aliyefunikwa na kapu. Mara moja, kikaisha.

Nje upepo unavuma. Wale watumishi watatu hawakusema "tumesikia," wala hawakusema "hatukusikia." Wote watatu walikwenda wakamtazama Volkmar usoni, kwa sababu masikio ya mtumishi yako kichwani mwa bwana wake. Volkmar akakaa kimya. Ndani, Jutta kajiburuta mpaka ukutani, katega sikio. Volkmar akatazama ukuta, akatazama theluji. Kisha akasema:

"Nimesikia."

Hee! Papo hapo na wale watatu wakasikia.

Mtoto akabatizwa jina la Gerlach, akawa bwana wa Falkenrode kabla hajaota jino. Ungedhani mama yake sasa atalala. Wapi! Adui akikutendea ubaya unalala, maana umeshajua ulipo. Akikutendea wema ndipo unapokesha. Jutta akawa anajiuliza: huyu mkunga, ng'ombe alipewa wa nini? Huyu mama mkwe, kanipenda tangu lini? Huyu shemeji, leo kaachia ngome, kesho atachukua nini?

Na kabla hajapata jibu hata moja, akaja mjumbe kutoka kwa baba yake. Baba kasema: binti yangu, nimeshakuposesha, kuna bwana ng'ambo ya milima, harusi ni baada ya Pasaka, na huyo bwana hataki mtoto wa mwanamume mwingine nyumbani kwake. Jutta alipiga magoti, alisihi, alikataa kula. Zama zile neno la baba lilikuwa ni neno la baba. Farasi wakaletwa.

Na mila ya pale ilisema hivi: mjane anayekwenda kuolewa tena humwacha mtoto katika nyumba ya marehemu baba wa mtoto. Siku ya kuondoka, mbele ya mlango wa kanisa, humpakatisha mtu mmoja mtoto yule mapajani, na huyo ndiye mlezi. Mila haikuuliza kama ni bwana au mtumwa. Ila ukishampakatisha, humchukui tena. Na mtoto akifa, ngome inakwenda kwa Volkmar.

Wakakaa watatu kwenye benchi, Gese, Bi Ottilia na Volkmar, magoti pamoja, wanangoja. Jutta kasimama mbele yao na mwanawe kifuani.

Gese akaanza. "Bibi, nipe mimi. Nilimfyonza uchafu kooni, nikampa pumzi yangu. Pumzi iliyomo mwake ni yangu."

"Na ng'ombe, Gese?"

Mkunga akatazama chini. "Ng'ombe ni wa Bwana Volkmar. Aliniambia, mtoto asilie, ng'ombe wako. Nikamchukua. Ningemkataa, angemleta mkunga wa mjini, naye angeitimiza kazi. Nilikula chake na kazi yake sikuifanya."

"Na siku atakapokuja mtu na ng'ombe wawili?"

Gese akamgusa mtoto mguuni. "Mimi ni maskini, bibi, sitakudanganya kwamba sitawatazama. Lakini mtoto huyu hapa, anapumua."

Akasema Bi Ottilia. "Nipe mimi. Nimekula kiapo cha uongo kwa msalaba. Padri kaniambia nitaungua. Basi na niungue. Bila mgongo wangu kwenye ule mlango, wangesali Baba Yetu yao wakaenda kunywa bia, na pumzi ya mkunga isingefaa kitu."

"Ulifanya kwa ajili yangu, mama?"

"Kwa ajili yako? Sijawahi kukupenda, na leo si siku ya kuanza. Nilifanya kwa ajili ya mwanangu Ruprecht."

"Na Volkmar si mwanao? Siku akimtaka mtoto huyu ubaya, utauegemea mlango tena?"

Bibi kizee akamgeukia Volkmar. "Nimebakiwa na mwana mmoja tu," akasema.

Akasema Volkmar. "Nipe mimi, shemeji. Ng'ombe nilimtoa mimi, sikatai. Nilisimama ukutani nikiomba Mungu nisisikie. Nikasikia. Ningesema sikusikia, nani angebisha? Pumzi ya Gese na kiapo cha mama vyote vingekuwa bure. Ulimi wangu ndio uliompa ngome, na niliyenyang'anywa ni mimi mwenyewe."

Jutta akamsogelea. Swali hili alikuwa amekaa nalo tangu siku ya msiba. "Na kule msituni, shemeji. Siku ile ulisikia nini?"

Volkmar akageuka mweupe kama ile theluji. Adabu yote ikamtoka. "Nilimsikia kaka akiniita."

"Kisha?"

"Kisha nilichelewa." Akafunika uso kwa mikono. "Sitaki tena mtu wa nyumba yetu aite, nami nikae kimya."

Alichelewa kwa sababu alikuwa mbali? Au alichelewa kwa sababu alitaka kuchelewa? Jutta alimtazama vidole, alimtazama mabega, hakuona jibu. Alilia machozi ya kweli, pale mbele ya watu, bila kujifuta. Mjumbe wa baba yake akaita mara ya pili kwamba jua linapanda. Mtoto akaamka, akaanza kulia, na safari hii kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Watu watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja.

Haya, msinitazame mimi. Mimi nimewafikisha mlangoni pa kanisa, mtoto sasa mmemshika ninyi, na ukishampakatisha mtu humchukui tena. Kuna aliyekula rushwa akaokoa. Kuna aliyekula kiapo cha uongo akazuia mlango. Kuna aliyetoa rushwa, kisha akasema kweli iliyomnyima ngome. Je, nani alistahili kupakatishwa mtoto yule, na wewe ungemwachia nani ukageuza mgongo ukapanda farasi?