Bi Koa na Gamba Alilolivua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwamba wenye vidimbwi, na kila ukoo na kidimbwi chake. Mwenye kusinzia asije kuniuliza baadaye.

Hapo zamani za kale, siku za bamvua, maji yalikupwa yakaenda mbali, jua likauchoma mwamba. Asiye na kidimbwi alikauka akafa. Na desturi yao ilikuwa hii: mgeni hupapaswa mgongo kwanza, ndipo akaribishwe.

Siku moja ya bamvua Bi Koa wa baharini, asiye na kidimbwi, mayai yakiwa tumboni, akaenda kwa konokono.

"Hodi ndugu zangu! Mimi ni wa ukoo wenu."

Mzee Konokono akampapasa mgongo. "Gamba liko wapi?"

"Nilizaliwa nalo, ami. Nilipokua nikalivua."

"Mwongo mkubwa! Nani huvua nyumba yake? Toka!"

Akaenda kwa majongoo ya bahari. Wakampapasa. "U laini kama sisi, lakini kichwani una pembe. Nenda kwa konokono."

Akaenda kwa minyoo. Wakampapasa. "Sisi wembamba, wewe mnene, tena unateleza kwa tumbo. Nenda kwa konokono."

Akarudi kwa konokono, anahema. "Ami, wote wamesema mimi ni wenu."

"Gamba unalo?"

"Sina. Basi nipokeeni mayai tu."

"Mayai ya asiye na kwao? Hatutaki."

Bi Koa akataga palepale ukingoni, akayalalia yasipigwe na jua. Maji yalipojaa, yeye alikuwa amekauka, amegandamana na mwamba. Mayai chini yake yalikuwa mabichi.

Yakaanguliwa. Lo! Kila mtoto na kigamba chake mgongoni! Konokono wakaja mbio, wakapapasa, wakapiga vigelegele. "Damu yetu hii!" Mzee Konokono mwenyewe akawapa majina.

Konokono mmoja, Bi Mwanajaa, akauliza, "Kumbe mama yao alisema kweli?"

"Usituharibie sherehe," akajibu Mzee.

Watoto wakakua. Walipokua, wakavua magamba, kama mama yao. Bamvua likaja tena. Wakapiga hodi kwenye kidimbwi cha konokono.

Mzee Konokono akawapapasa mgongo. "Gamba liko wapi?"

"Babu, si wewe uliyetupa majina?"

"Siwajui. Tokeni!"

Na jua lilikuwa limeshapanda.

Funzo lake ni hili: usimkane ndugu yako kwa sababu umbo lake limebadilika. Konokono hawakujifunza, na yanaudhi kusimulia. Hadithi yangu imeishia pale mwambani. Mwenye mlango, aufungue.